Wakuu wa idara na maofisa tawala wa vyuo vikuu: nani anaandaliwa kushika ofisi kesho, na kwa nini wazuri wanaondoka?

#1 – Ofisa wa Ndaki (mleta uzi)

Wadau wa elimu ya juu, salaam. Andiko ni refu, naomba subira yenu.

Kila anapoteuliwa Makamu Mkuu wa Chuo, mitandao huchangamka. Tunajadili umri wake, alikosomea, kanda anayotoka. Ni haki yetu. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesubiri matokeo ya somo moja lililokwama hamhitaji Makamu Mkuu wa Chuo. Anamhitaji mratibu wa mitihani wa idara, mkuu wa idara atakayesaini, na afisa wa masijala anayejua faili liko wapi. Anayesubiri fedha za Bodi ya Mikopo anamhitaji afisa mikopo wa kampasi yake. Mhadhiri anayetaka kemikali za maabara kabla muhula haujaisha anamhitaji mhasibu wa ndaki (kundi la idara ndani ya chuo) na mtu wa manunuzi. Hao ndio nataka tuwazungumzie: wakuu wa idara, maamidi (wakuu wa vitivo au shule kuu), marasi (wakuu) wa ndaki, maofisa tawala, wakuu wa vitengo. Watu wa katikati.

Nimefanya kazi ya utawala kwenye ndaki za vyuo vya umma kwa muda mrefu wa kutosha kuwaona wengi wakiingia na kutoka. Ninachokiona kila mara ni kwamba tuna ngazi iliyonyooka ya kumtengeneza mtafiti, lakini ya kumtengeneza kiongozi wa idara hatuna kabisa. Upande wa taaluma kila kijana anaijua njia. Ukimaliza shahada ya kwanza na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 unaweza kuomba ukufunzi msaidizi. Ukipata uzamili wenye 4.0 unakuwa mhadhiri msaidizi, kisha uzamivu, kisha machapisho, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Vigezo vimeandikwa na pointi zinahesabiwa. Sasa niambieni, wapi pameandikwa namna mtu anavyojifunza kuongoza idara yenye walimu 20 na wanafunzi 800?

Kinachotokea ni hiki. Mhadhiri mwandamizi anaitwa, anapewa barua. Siku ya makabidhiano anapewa funguo, muhuri na kabati la mafaili, na taarifa ya makabidhiano ya kurasa mbili ambayo nusu yake ni orodha ya viti na kompyuta. Wiki ileile anatakiwa aandae bajeti ya idara ambayo hajawahi kuiandaa, aingize mahitaji kwenye NeST (mfumo wa manunuzi ya umma), asimamie malengo ya watumishi wake kwenye PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi), ajibu hoja ya mkaguzi wa ndani kuhusu masurufu (fedha za kazi zinazotolewa mapema) ya mwaka ambao hakuwepo ofisini, na apange nani afundishe somo ambalo mwalimu wake yuko masomoni. Bado ana vipindi vyake vya kufundisha. Bado ana wanafunzi wa uzamili wanaomdai masahihisho. Anajifunza kwa kuungua, na anapoanza kuielewa ofisi, kipindi chake cha miaka mitatu kinakaribia ukingoni.

Zamani haikuwa hivi kila mahali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, au Mlimani) kilipojitegemea mwaka 1970 baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanywa, wageni walikuwa wengi kwenye idara. Ukawepo mpango wa makusudi: wahitimu bora wanabakizwa, wanapelekwa kusoma, wanarudi, wanakaa pembeni ya mgeni, kisha wanashika nafasi. Huo ulikuwa urithishanaji wa madaraka hata kama haukuitwa hivyo. Kila idara ilijua kijana wake yuko wapi, anasoma nini, na anarudi lini. Chuo kilikuwa kidogo, kweli, lakini nia ilikuwepo na ilikuwa imeandikwa.

Halafu mnyororo ukakatika, na ukakatika zaidi ya mara moja. Miaka ya 1990 Serikali ilibana ajira wakati wa mageuzi ya uchumi. Idara zikakaa miaka bila kuingiza damu mpya. Matokeo yake tuliyaona baadaye: idara ina maprofesa wanaokaribia kustaafu juu, wahadhiri wasaidizi chini, na katikati pako wazi. Juni 2016 ajira na upandishaji vyeo vikasimamishwa tena ili kuhakiki watumishi. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kuondoa vyeti feki lilikuwa jambo la haki, sina ugomvi nalo. Ninachosema ni kwamba kila ajira zinaposimama miaka miwili au mitatu, unatengeneza pengo ambalo litajitokeza miaka 15 baadaye, siku utakapotafuta mkuu wa idara na kukuta hakuna mwenye sifa.

Na katika hao wachache waliopo, Serikali nayo huja kuchukua. Mwaka 2017 peke yake, Profesa Kitila Mkumbo aliondolewa Mlimani kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, na Profesa Florens Luoga, aliyekuwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, akateuliwa Gavana wa Benki Kuu. Ni heshima kwa chuo na ni faida kwa nchi. Lakini uteuzi wa namna hiyo hutangazwa jioni, na kesho yake asubuhi kuna kiti kitupu, wanafunzi wa uzamivu wasio na msimamizi, na kamati zisizo na mwenyekiti. Chuo ambacho kinajua kwamba watu wake huchukuliwa wakati wowote kilipaswa kuwa na watu wawili watatu tayari kwa kila kiti.

Badala yake tuna ukaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinasema kukaimu kusizidi miezi sita. Nendeni kwenye vyuo mkaangalie vibao vya milangoni. Kuna watu wamekaimu ukuu wa kitengo mpaka watoto wao wamemaliza sekondari. Kibali hakijaja, upekuzi (uchunguzi wa mtu kabla ya kuteuliwa) haujakamilika, ikama (idadi ya watumishi inayoruhusiwa) haijapitishwa, sababu haziishi. Na wengine wanakaimu bila kibali, maana yake posho ya kukaimu hawaioni, lakini lawama zote ni zao. Kaimu hathubutu kumwonya mtu mzembe kwa maandishi, kwa sababu kesho huyohuyo anaweza kuletwa kuwa bosi wake. Hathubutu kupanga jambo la miaka mitatu. Anashikilia tu, siku zinakwenda.

Naomba michango yenu, hasa nyie mliokalia viti hivi. Tuanze na hili: kwa nini watu wazuri wanavikimbia?

#2 – Mhadhiri wa Nyanda za Juu

Mkuu, umeweka kidole kwenye kidonda. Mimi niliukubali ukuu wa idara kipindi kimoja, nilipoombwa cha pili nikakataa, na nitakwambia sababu bila kuzunguka.

Kupanda daraja kwangu kunategemea machapisho. Nilipoingia ofisini nilikuwa na makala mbili zimebaki kusahihishwa. Nilipotoka zilikuwa zilezile mbili. Wenzangu tuliorudi pamoja kutoka masomoni, ambao hawakuwahi kukalia kiti chochote, walishakuwa maprofesa washiriki. Posho ya madaraka nilipewa, siwezi kusema uongo, lakini ilikuwa ndogo kuliko mtu anavyopata kwa kazi moja ya ushauri elekezi ya wiki mbili. Na kazi za ushauri zenyewe nilizikosa kwa sababu kila Jumatatu kuna kikao.

Sikukataa kwa uchoyo. Naipenda idara yangu. Lakini chuo kilipaswa kuniambia: kaa miaka mitatu, tutakupunguzia vipindi kweli na siyo kwenye karatasi, na ukimaliza utapewa mwaka mmoja wa kurudi kwenye utafiti bila kufundisha. Ningekubali siku hiyohiyo. Hakuna aliyesema. Kwa hiyo kiti kikaenda kwa kijana aliyerudi na uzamivu mwaka uliotangulia, mwenye akili sana, ambaye sasa hivi namwona anazama kama nilivyozama mimi, tena mapema zaidi. Nina hofu tutampoteza. Ameshaanza kuulizia nafasi kwenye mashirika ya kimataifa.

#3 – Bibi Masijala

Wanangu, mnazungumzia walimu tu. Mwalimu akikataa ukuu wa idara anarudi darasani, bado ana heshima yake na ana nafasi ya kupanda. Sisi tusio wanataaluma tunarudi wapi?

Nimekaa masijala na baadaye udahili. Vijana waliopita mikononi mwangu ni wengi. Anakuja Afisa Tawala daraja la II, mchangamfu, anajua kompyuta kuliko sisi wote. Mwaka wa kwanza anaelewa mzunguko mzima: madirisha ya udahili, uhakiki wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), usajili, matokeo, transkripti, mahafali. Mwaka wa tatu yeye ndiye ndaki. Rasi akisafiri, anayeulizwa ni yeye. Halafu anasubiri cheo. Ile miaka vyeo viliposimama wengine walikaa palepale mpaka upandishaji uliporejea 2021, na baadaye wapo waliopandishwa kwa mserereko (kufidiwa cheo walichocheleweshewa). Wengine hawakusubiri. Waliomba TRA, wakaomba Benki Kuu, wakaenda wizarani. Mtu haondoki kwa sababu hapendi chuo. Anaondoka kwa sababu amefika mahali anaona juu yake kuna nafasi moja, imekaliwa na kaimu, na hata ikitangazwa atapewa mwanataaluma.

Hilo la mwisho linauma zaidi, na nalisema kwa uchungu. Ziko kurugenzi za utawala na za wanafunzi ambazo kwa kazi yake zingeweza kuongozwa na ofisa aliyekulia humo. Anapewa daktari wa falsafa wa fani nyingine kabisa. Ofisa anamfundisha kazi bosi wake mwaka mzima. Bosi akishaelewa, muda wake umekwisha, analetwa mwingine, ofisa anaanza kufundisha upya. Mnafikiri huyo ofisa atakaa?

Nikiwa karibu kustaafu nilimwomba mkubwa wangu anipe mtu wa kukaa naye. Sisi tunaondoka tukiwa na 60. Tangu sheria ibadilishwe 2018, profesa na mhadhiri mwandamizi wanaweza kukaa mpaka 65. Kwa hiyo tarehe yangu ilijulikana tangu siku niliyoajiriwa, haikuwa siri ya mtu. Nilipewa mtu wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho, wanangu! Mambo ya miaka yote yale, nani alibadilishiwa programu kwa barua ipi, wanafunzi gani waliahirisha masomo na kwa nini, utawezaje kuyamimina kwa siku tano? Mpaka leo napigiwa simu kuulizwa mafaili. Napokea, kwa sababu mwishoni kuna mtoto wa mtu anahitaji cheti chake.

#4 – Jirani wa Eldoret

Ndugu zangu wa Tanzania, ninafuatilia kutoka Kenya na ninaona ni ugonjwa mmoja. Hata kwetu sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema kukaimu kusipite miezi sita, na hata kwetu utawapata makaimu msajili na makaimu naibu msajili waliopitisha muda huo zamani. Sisi tumeongezewa shida ya fedha: mishahara ikichelewa na makato ya mtumishi yasipofika kwa wanaodai, hakuna mpango wa urithishanaji utakaomzuia msimamizi mzuri kwenda chuo cha kibinafsi au kuacha kabisa. Kwa hivyo msiweke mpango wa viongozi upande mmoja na mshahara upande mwingine. Mtu anayefuatilia makato yake kila mwisho wa mwezi hana nafasi ya kumlea mwingine.

#5 – Mdau Mkavu

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini unacheza na moto. Ukianza kusema "huyu anaandaliwa", umefungua mlango wa kujuana. Profesa atamwandaa mwanafunzi wake aliyemsimamia, mkurugenzi atamwandaa mtu wa kwao. Wasiochaguliwa watakata tamaa, na majungu yatajaa kwenye korido. Na hata kisheria, nafasi za umma hushindaniwa. Bora hili pengo tulilonalo kuliko ufalme wa kurithishana.

#6 – Ofisa wa Ndaki (mleta uzi)

Asanteni. Nijibu kwa kuanzia na Mdau Mkavu, kwa sababu hoja yake ndiyo hutumiwa kuua jambo hili kila linapofikishwa kwenye vikao vya menejimenti, na si hoja ya kupuuzwa. Nimeona kwa macho yangu idara ambayo ukuu ulizunguka kwa watu waliosimamiwa na profesa mmoja, na waliobaki wakahama mmoja mmoja.

Lakini ndugu yangu, tazama nani ananufaika na pengo. Kiti kikibaki wazi ghafla, uteuzi hufanywa kwa haraka, mlango ukiwa umefungwa, na anayechaguliwa ni yule anayejulikana na wakubwa. Ukaimu usio na mwisho ndio njia rahisi kuliko zote ya kumweka mtu wako bila ushindani. Anayeogopa kujuana alipaswa kuwa wa kwanza kudai watu wengi waandaliwe mapema, hadharani. Ninachopendekeza ni kazi zigawanywe kwa watu kadhaa wakati mwenye kiti bado amekaa, na asitajwe mrithi yeyote. Mwalimu mmoja ashike bajeti ya idara mwaka mzima, mwingine ashike mitihani, mwingine mapitio ya mitaala na mambo ya ithibati, kisha wabadilishane. Kiti kitakapotangazwa, watashindana watu watatu wanaoijua ofisi, na hata wa nje akiwashinda, atakuta wenyeji wa kumsaidia.

Hili linawezekana bila kibali cha mtu yeyote Dodoma. Nimeshuhudia mkuu wa idara mmoja, mwanamke, akilifanya kwa hiari yake. Vikao vya bajeti alikwenda na mwalimu kijana kila mara, akamwacha azungumze. Hoja za ukaguzi alizijibu na afisa tawala wake wakiwa wamekaa meza moja. Alipopelekwa nje kwa mradi wa utafiti, idara haikutikisika, na waliobaki wote bado wako chuoni hadi leo. Naamini walibaki kwa sababu walionekana na kuaminiwa kabla hawajapewa cheo. Mtu anayepewa kazi yenye uzito, na jina lake likatajwa kwenye kikao kwamba ndiye aliyeifanya, huvumilia mengi kuhusu posho.

Bibi Masijala, shikamoo. Ulichosema kuhusu tarehe ya kustaafu ndicho kinachonikera kuliko yote. Kifo hatukijui, uteuzi wa Rais hatuujui, lakini miaka 60 tunaijua. Idara ya rasilimali watu ina tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi. Inaweza kutoa leo hii orodha ya kila atakayestaafu ndani ya miaka mitano, ndaki kwa ndaki, na mbele ya kila jina ikaandika nani anakaa naye. Anayebaki bila jina mbele yake ndiye ajenda ya kikao. Na kukaa naye kuwe mwaka, si wiki. Kuhusu kurugenzi kupewa wanataaluma, nakuunga mkono waziwazi: pale muundo unaporuhusu ofisa kushindana, tangazo lisiandikwe kwa namna ya kumfungia mlango kwa kudai uzamivu usiohitajika na kazi yenyewe.

Mhadhiri wa Nyanda za Juu, mwaka wa kurudi kwenye utafiti baada ya kuongoza ni jambo ambalo Seneti inaweza kulijadili na Baraza kulipitisha. Gharama yake ni walimu wa muda wa kujaza vipindi. Naona ni ndogo kuliko gharama ya kumpoteza mtu aliyesomeshwa uzamivu kwa fedha za umma. Kuhusu huyo kijana wako, usikae kimya. Mwombe mumgawane kazi, hata kama si jukumu lako tena.

Kuna jambo linanipa haraka. Kupitia mradi wa HEET (wa kuendeleza elimu ya juu), mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa 2021, vyuo vyetu vinafungua kampasi mpya mikoani: UDSM Lindi na Kagera, MUHAS (chuo cha afya cha Muhimbili) Kigoma, Mzumbe Tanga, na nyingine. Mradi unasomesha walimu pia, nalo ni jambo jema sana. Lakini kila kampasi inahitaji mkurugenzi au rasi, wakuu wa idara, afisa tawala, mhasibu, afisa udahili, afisa mikopo, mkutubi. Majengo yanaweza kukamilika kwa mkataba wa mkandarasi. Watu hawa watatoka wapi? Wakichukuliwa makao makuu, wanaacha mashimo nyuma. Wakiajiriwa wapya, nani atawafundisha, na wapi, kabla wanafunzi hawajafika?

#7 – Mhadhiri wa Nyanda za Juu

Mkuu, nimekusoma. Nimezungumza na kijana leo. Tumekubaliana nichukue mapitio ya mtaala na msimamizi wa maabara achukue mambo ya NeST. Amidi amesema hana pingamizi ilimradi kila mmoja apewe barua. Ameuliza kama kuna mfano wa taarifa ya makabidhiano iliyo nzuri, kwa sababu tuliyonayo ni ileile ya viti na kompyuta.

#8 – Ofisa wa Ndaki (mleta uzi)

Safi sana. Mwambie Amidi aanze na haya, mengine ataongeza mwenyewe: madeni na ahadi zote za fedha ambazo hazijaingia kwenye mfumo, wanafunzi wenye matokeo yasiyokamilika, kila mmoja na sababu yake, walimu walioko masomoni, mikataba yao na tarehe za kurudi, hoja za ukaguzi zilizo wazi, masomo ambayo mwalimu wake ni mmoja tu, migogoro inayoendelea, imeandikwa kwa haki, na majina ya watumishi wanaosubiri kupandishwa cheo, tangu lini, na barua zao zimekwama meza ya nani. Hicho kipengele cha mwisho kijazwe kwanza. Na taarifa isisubiri siku ya kuondoka, ihuishwe kila muhula na nakala ikae kwa afisa tawala wa ndaki.